Kiti Nilichompangia Mama

Kitabu chenyewe kilikuwa cha Kifaransa, kinene, kimeng'oka jalada. Nilikiazima kwa mwenzangu tunayefundisha naye sekondari hapa Kalemie. Ni riwaya ya zamani sana kuhusu matajiri wa Ulaya ambao hawana kazi nyingine isipokuwa kutembeleana. Kurasa hamsini za kwanza watu wanakunywa chai tu. Mwanzoni walinichosha. Halafu nikanogewa, maana niligundua kwamba nyuma ya ile chai walikuwa wanamalizana kwa adabu. Mtu anaingia sebuleni, haambiwi karibu kiti, na kesho yake mji mzima hauna nafasi kwake.

Aliyenishika hasa ni shangazi mmoja mwenye mali. Daktari kijana, mwenye akili na kazi yake, alimpenda binti mpwa wa shangazi huyo. Shangazi akamkataa kwa sababu siku ya kwanza kijana aliketi kabla ya kuambiwa aketi. Basi! Hakukuwa na kosa lingine. Nilikasirika mpaka nikapiga meza katika chumba cha walimu. Nikachukua penseli, na kitabu si changu, nikaandika pembeni: "Mwanamke huyu hana moyo." Chini yake nikaongeza: "Na wanaomsikiliza ni wajinga." Wenzangu walicheka, wakasema mwalimu wa Kifaransa sasa anagombana na Wazungu waliokwisha kufa.

Lakini niseme ukweli wote. Shangazi nilimchukia, ila meza yake niliipenda. Kile kitambaa cheupe, uma upande huu, kisu upande ule, na mama mwenye nyumba ameketi akiwatazama wageni wake usoni. Nyumbani kwetu wageni wa kiume hupelekewa chakula sebuleni, na Mama hula jikoni na sisi. Nikaanza kuona aibu, kana kwamba wale watu wa kitabuni walikuwa wakituchungulia dirishani.

Wiki hizo hizo mchumba wa mdogo wangu alileta habari kwamba anakuja kujitambulisha. Alikuwa fundi wa umeme kwenye kituo cha Bendera, mzaliwa wa kijiji cha Mpala. Mdogo wangu alimpenda bila kificho. Simu ikilia alitoka nje na sahani ikiwa bado mkononi. Papa wetu alishafariki, na baba mkubwa aliyepaswa kusema kwa niaba yetu alikuwa Kabalo anangoja treni, na treni ya kwetu inajulikana. Kwa hiyo mimi, mkubwa wa nyumba, Yaya kama kwetu tunavyomwita, ndiye niliyepanga mambo. Niliazima uma kwa jirani. Nilimweka Mama mezani, uso kwa uso na mchumba. Mama alisema hajazoea. Nikamwambia watu wa heshima ndivyo wanavyofanya.

Walifika Jumapili baada ya misa, kijana na baba yake mdogo. Yule mzee alikuwa na koti lililopigwa pasi vizuri, na miguuni sandali za plastiki. Ninakiri kwamba niliziona zile sandali kabla sijamwona uso.

Mama alikuwa amepika tangu alfajiri: bugali, kuku, sombe ya majani ya muhogo, na samaki wa migebuka wa kukaanga. Kijana aliingia, akamkuta Mama ameketi mezani, akasimama kama mtu aliyekosea nyumba. Kisha akakaa, akageuza kiti ubavu, akakaza macho dirishani. Hakugusa kitu, hata maji. Mama akamsogezea sahani. Kijana akazidi kuinama, jasho linamtiririka shingoni.

Baba yake mdogo akasema polepole, "Mutusamehe, Mama. Mutoto wetu hawezi kula hapa."

Hakueleza zaidi. Kwao jambo lile halielezwi, kama vile hakuna anayekueleza kwa nini kofia inavuliwa kanisani. Waliaga mapema. Kitenge walichomletea Mama kilibaki juu ya kiti, bado kimekunjwa.

Mama alibaki mezani na uma wake. Kwetu mgeni anayekataa chakula bila kusema anaumwa amekwisha kusema: anaogopa sumu au uchawi uliomo ndani.

"Anawaza niko mulozi?" akauliza. "Nimepika na mikono yangu, yeye anaona ni sumu?" Kisha akanigeukia. "Wewe uliikalaka Mpala. Kwao njo vile wanafanyaka?"

Nilikuwa nimefundisha Mpala miaka miwili. Nilijua. Nimeona kwa macho yangu wanaume wazima wanaacha njia na kuingia majanini kwa sababu mama mkwe anakuja na ndoo yake ya maji. Kule mwanamume hali mbele ya mama wa mke wake wala hamtazami usoni. Hana heshima kubwa kuliko hiyo ya kumpa. Na mimi, niliyeyajua hayo, ndiye niliyempangia Mama kile kiti.

Nikasema, "Sijui, Mama."

Maneno mawili. Nimeyatafutia sababu nzuri kwa miaka, sijaipata. Sikumtaka shemeji ambaye mzee wake anavaa sandali za plastiki, basi.

Kijana alimweleza mdogo wangu kwa simu, naye akamkimbilia Mama. Mama akajibu, "Yaya wako aliikala kule miaka mbili, amesema hajui. Wewe unajulia wapi?" Mdogo wangu akanitazama. "Yaya, umuambie." Nikasema huenda ni mila za wachache, mimi sikuziona. Kitenge kilirudishwa wiki ile ile. Baadaye kijana alioa mwingine huko Bendera, na mdogo wangu akanunua cherehani, akaweka kazi yake barazani, mpaka leo.

Riwaya niliimaliza. Shangazi anakufa kitandani kwake, mzee, ameheshimiwa na wote, na yule mpwa anamwinulia kikombe cha chai. Nilimkasirikia mwandishi. Kwa nini hakumwadhibu? Nikarudi nyuma kutafuta ukurasa wa daktari, nikakutana na mwandiko wangu: mwanamke huyu hana moyo. Nyani haoni kundule. Nilifuta kwa raba mpaka karatasi ikatoboka, na kitabu nikakirudisha na tundu lake. Mwenye kitabu nikamwambia ni panya.

Ningeweza kuishi na hayo. Kilichonishinda ni Mama. Tangu Jumapili ile hawezi kumpa mgeni chakula bila kukionja kwanza mbele yake. Anamega bugali, anachovya mchuzi wa kila bakuli, anameza, kisha anatabasamu na kusema karibuni. Wageni wanadhani ni mzaha wake. Mimi huwa naondoka, nasema naenda kuleta maji.

Mwaka huu nilichoka kuleta maji. Nilimwendea mdogo wangu pale barazani, nikamwambia yote, sandali na kila kitu. Hakuondoa mguu kwenye cherehani.

"Nilijua, Yaya," alisema. "Ulikuwa unanisimuliaka Mpala yote mpaka majina ya samaki, halafu ile moja hukuiona? Mimi nilishalia, nikamaliza. Enda kwa Mama. Yeye njo hajamaliza."

Mama alikuwa uani, amekaa kwenye mkeka, anachagua maharage. Nilikaa karibu naye, nikaanza kuchagua pia ili nisimtazame. Nikamweleza mila ya Mpala ilivyo. Nikamwambia nilijua tangu siku ile, alipokuwa ananiuliza. Akaniomba niirudie ile sehemu ya kutokula. Nikairudia.

"Basi alikuwa ameshaniweka mama mukwe wake," akasema.

Nikasema ndiyo.

Aliendelea kuchagua maharage. Sikuona hasira usoni mwake, na ningefurahi kuiona.

"Ule mutoto wa watu aliniheshimu," akasema. "Na wewe, wa tumbo yangu?"