Mitungi Kumi ya Gundi

Kuramochi angeombwa amweleze mwalimu wake, mzee mpika gundi wa taasisi yao ya kuhifadhi michoro ya kale, pale Kyoto, angeanzia vidoleni: vimepasuka kwa maji ya baridi, kucha zimekatwa mpaka karibu na nyama. Kila Januari, baridi inapouma kweli, mzee huchemsha wanga wa ngano, akaujaza mtungini na kuulaza chini ya sakafu miaka kumi. Kila mwaka hufunua mitungi yote, akakwangua ukungu kwa kijiko cha mwanzi, akabadilisha maji, akaonja kwa ncha ya ulimi. "Wewe bado una kiburi," huuambia mtungi mchanga kwa sauti ya chini, maana gundi changa hung'ang'ania karatasi, na yeye anataka ile dhaifu, itakayokubali kubanduliwa na fundi wa karne ijayo, mchoro ukihitaji kutengenezwa upya.

Mwaka huu barua ilitoka juu: idara inafungwa, mitungi yote imwagwe Ijumaa saa nane mchana. Ijumaa asubuhi Kuramochi alimkuta mzee amepiga magoti, anakwangua ukungu wa mtungi wa tisa. Minane ilishapangwa kando, maji yake mapya yametulia.

"Mwalimu, si tunaimwaga leo?"

"Tunaimwaga."

"Sasa unaisafishia nini?"

Mzee akaonja. "Huu ulikuwa umebakiza mwaka mmoja tu," alisema, akamsogezea ndoo. "Niletee maji, Kuramochi. Yawe baridi."