Picha Moja Iliyotoka Safi

Wengine watakusimulia mizimu ya usiku, ya makaburini na ya njia panda. Wangu mimi alinijia saa saba mchana, siku ya pili ya Krismasi, jua likiwaka, mbele ya watu wasiopungua elfu kumi na mbuzi mmoja. Cheka tu. Hao elfu kumi huenda nimewaongeza kidogo, lakini mbuzi alikuwepo, na mengine yote sijayatia chumvi hata punje.

Mimi ni mtu wa cheti. Nilimaliza shule ya jioni nikiwa na miaka thelathini na miwili, sayansi nikawapita vijana wenye umri wa kuwa wadogo zangu wa mwisho. Kazi yangu ilikuwa kupima kahawa kiwandani, kule Kanyakine, Meru. Kitu kisichokaa kwenye mizani, mimi sikukiamini.

Sasa, mama yangu ni mzaliwa wa Embu aliyeolewa Meru. Mwaka ule macho yake yalikuwa yanaingia ukungu, na daktari alishasema hayatafika mwaka mwingine. Mama hakulia. Aliomba kitu kimoja tu: picha ya maporomoko ya kwao, pale alipokuwa akiteka maji akiwa msichana.

"Lipige na lile jiwe bapa lililo kando ya maji," akaniambia. "Na mtu akikusalimu pale, baba, mwitikie vizuri. Usiende na haraka zako."

Usishangae mama kuniita baba. Mimi ni mtoto wa kiume wa pili, na mtoto wa pili hupewa jina la baba ya mama yake. Basi tangu nikiwa na makamasi, mama na ndugu zake waliniita baba, na wakinichapa waliomba msamaha kwanza.

Mwalimu wetu wa shule ya jioni aliniazima kamera, nikanunua filamu ya picha thelathini na sita, nikaenda. Jina la maporomoko silitaji, wenyeji wasije wakakosa wageni. Unayajua. Kila mtu wa Embu na Meru anayajua, na siku ile wote walikuwa wamekuja! Nikiinua kamera, kofia ya mtu hii hapa. Nikisogea kulia, kwaya ya akina mama yote hii hapa, na sare zao za kijani. Nikipanda juu ya mzizi, bwana mmoja mwenye suti ananivuta mguu.

"Mpiga picha! Sisi tumekuwa hapa tangu asubuhi. Tupige, mimi na mama watoto."

"Mimi si mpiga picha, mzee."

"Na hiyo kamera ni ya kuchungia ng'ombe?"

Watu wakacheka. Nikampiga picha bure ili anipishe, na hapo ndipo nilipojiharibia, maana waliobaki wote wakapanga foleni. Nikawakimbia. Nikazunguka vichakani, nikateleza, nikakaa kwenye tope mbele ya kwaya nzima. Walinipigia makofi.

Mwishowe nikapata mahali. Maporomoko yale pale, meupe, jiwe bapa lile pale, hakuna mtu. Nikafumba jicho moja. Kabla sijabonyeza, msichana amesimama juu ya jiwe.

Alikuwa wa miaka kumi na saba hivi. Miguu mitupu, kibuyu kikubwa mgongoni, ukanda wa ngozi wa kukibebea umepita kwenye paji la uso, kama walivyobeba nyanya zetu. Nikajua ni wa vikundi vya ngoma za kienyeji wanaotumbuiza wageni. Ungefikiria nini wewe?

"Dada, nipishe kidogo tafadhali!"

Hakusogea. Alinitazama tu, kama mtu anayehakikisha sura. Nikasubiri, nikapiga picha nyingine pembeni, nikarudi. Bado yupo. Nikabadilisha upande, na ajabu, jiwe likawa mbele yangu tena na yeye juu yake. Picha ya kumi, ya ishirini, ya thelathini, msichana! Mvuke wa maji ulikuwa umetulowesha sote hadi soksi, na mbuzi wa watu alikuwa anatetemeka. Yeye alikuwa mkavu kama unga wa mahindi. Niliona hilo kwa macho haya, na cheti changu chote hakikunisaidia kuuliza kwa nini. Nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira haoni kitu.

Ikabaki picha moja.

"Baba," akaniita. Sauti yake ilinifikia wazi, kama vile maporomoko yamenyamaza kumpisha. "Baba, ni mimi."

"Nipishe!"

"Baba, nimekuja. Mbona hunijibu?"

Nyuma yangu yule bwana wa suti akasema, "Unamfokea nani, mpiga picha? Hilo jiwe limekukosea nini?"

Nikadhani ananitania. Nikashusha kamera, nikapaza sauti mpaka kwaya ikakatika katikati ya ubeti: "Usiniite baba! Umesikia? Usiniite baba tena!"

Msichana akashika ukanda kwa mikono miwili, kama mtu anayejitwika upya. Akageuka kuelekea maji. Mimi nikainamia kamera kusogeza filamu, nilipoinua kichwa jiwe lilikuwa tupu. Unajua nilifanya nini? Nilishangilia. Nikapiga picha yangu ya mwisho kwa raha zangu zote, safi kabisa, nikarudi Kanyakine nikiimba.

Picha ziliposafishwa, mama alizitandaza kitandani, akazishika moja moja karibu na dirisha, na kioo cha kukuzia mkononi. Mimi nilikuwa nimesimama kando nikijitetea kwamba kuna msichana aliyeniharibia karibu filamu yote.

Lakini msichana hakuwamo. Kofia zilikuwamo, suti ilikuwamo, kwaya, mbuzi. Kwenye jiwe hapakuwa na mtu. Jiwe lilikuwa limelowa na kung'aa, isipokuwa sehemu mbili ndogo zilizokuwa kavu, upana wa nyayo mbili. Katika kila picha niliyompiga yeye. Haki ya Mungu.

"Alikuwa amevaa nini?" mama akaniuliza.

Nikamweleza kibuyu na ukanda.

"Alikuita nani?"

"Baba."

"Ukamjibuje?"

Nilimwambia. Ningeweza kudanganya, ninajua kudanganya vizuri sana, lakini siku ile ulimi ulikataa. Mama akaweka kioo chini.

Yule alikuwa dada yake mkubwa. Alimkataa mchumba aliyechaguliwa na babu yangu, na babu akamwambia mbele ya wageni, "Kuanzia leo usiniite baba." Akachukua kibuyu akaenda kuteka maji. Ukanda ulipatikana. Yeye hakupatikana. Babu alienda kwenye jiwe lile kila asubuhi hadi alipokufa, akiita, na alichomwachia mama ni neno moja: mtoto atakayechukua jina langu aende amwitikie.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungeenda? Ungenicheka, wewe na cheti chako."

Kisha akachukua ile picha ya mwisho, ile safi, niliyotaka kuiwekea fremu. Jiwe lilikuwa limelowa lote, kutoka pembe hadi pembe. Akaipapasa kwa kidole gumba.

"Hapa ameshaondoka," akasema, akanirudishia.

Aliyobaki nayo ni moja ya zile zenye nyayo. Macho yalipofunga aliendelea kuiweka ndani ya Biblia yake, na aliijua kwa kuigusa. Tulimzika nayo.

Mimi nilirejesha kamera, na sijashika nyingine. Lakini kila siku ya pili ya Krismasi naenda pale, nikapanda jiwe bapa, nikaita jina lake mpaka sauti ikauke. Siku hizi ni simu tu, watu maelfu, na wote wananifokea: "Mzee, toka hapo! Unatuharibia picha!" Wana haki. Maneno hayo nayajua.

Kwa hiyo ukifika na ukaniona kwenye picha yako, nivumilie kidogo, kisha utazame miguu yangu, uone kama kuna mahali pakavu kando yake. Mimi sijawahi kupaona. Na mtu yeyote akikuita kwa jina la uzazi, baba au mama, awe mgeni, awe anakuziba, awe anakumalizia filamu, mwitikie kwanza. Hasira utaikuta palepale. Yeye huenda usimkute.