Samli Kwenye Breki ya Bi Zainabu

Siku ya kwanza kuripoti karakana ya mradi wa mifugo, pale Bariadi, nilikwenda na ovaroli iliyopigwa pasi. Mkuu wa Karakana akanitazama, akacheka, na wala hakunipa spana. Alinipa pedi kuukuu ya breki akaniambia niinuse. Alisema fundi asiyejua harufu ya pedi iliyoungua ataua watu. Nikainusa. Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi, wanangu, kwa pua.

Ninyi leo mnaingia dukani, mnasema "nipe pedi za mbele," basi. Sisi tulifungua ya zamani kwanza, tukaenda nayo mkononi, tukalinganisha umbo, matundu ya pini na unene wa nyama. Nyama ndiyo sehemu inayobana disiki, ile sahani ya chuma kwenye gurudumu. Kisha unaamua: ngumu au laini. Ngumu ina chembe za chuma, inavumilia mchanga wetu, lakini inapiga kelele na kuila disiki. Laini inakamata upesi, ila huisha haraka. Nilifunga za kila aina, kituo cha Sola msimu wa pamba, kisha Mwamanyili kwa miaka kadhaa, mpaka niliporudishwa Bariadi nikamkuta Bi Zainabu.

Huyu alikuwa afisa mifugo, mtu wa Tanga, mpole wa sauti na mkaidi ajabu. Eneo lake lilikuwa Mwamapalala, akilizungukia kwa pikipiki ya mradi. Kwa sababu ya mchanga wa kule nilimfungia pedi ngumu, zikawa zinalia kila anaposimama.

Kule alikuwa na mwenyeji wake, bibi mmoja tuliyemwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Mayu alimpenda kama aliyemzaa. Lakini mlio ule ulimchosha, kwa sababu ng'ombe wake wenye ndama wakiusikia waligeuza vichwa na kugoma kukamuliwa. Basi siku moja, mgeni akiwa ndani anakunywa maziwa, Mayu akachota samli akaipaka disiki, akaisugua vizuri. Kwetu ngozi ikikakamaa hupakwa samli, mlango ukilia hupakwa samli. Yeye aliona anatibu.

Bi Zainabu akaaga, akaondoka. Kwenye mteremko wa kuingia mtoni akabana breki ya mbele, haikukamata. Akaanguka mchangani, akaumia bega.

Mkuu alifokea karakana nzima. Akasema pikipiki atapewa mwanaume, Bi Zainabu akae ofisini. Mwenyewe hakubishana. Alikuja kwangu, mkono umefungwa kitambaa, akaniambia, "Fundi, wakinipa meza narudi kwetu."

Iliniuma, jamani. Nilishamzoea, na wafugaji walishamwamini. Bega lilipopona nikamwomba Mkuu aniachie nimrudishe barabarani. Akakubali kwa shingo upande: mara moja tu, na akiogopa, ndiyo mwisho.

Nilipoinusa disiki nilikuta samli, na Bi Zainabu akajua ni mkono wa Mayu. Kuna mafundi wangeosha pedi zile kwa petroli na kuzipiga msasa. Upuuzi. Pedi iliyokunywa mafuta huyatoa tena ikipata moto. Nikazitupa, nikasafisha disiki, nikachagua laini. Mkuu akanung'unika kwamba mchanga utazila. Nikamjibu nitazibadilisha hata kila mwezi, kwa sababu huyu husimama ghafla mbele ya ng'ombe, anataka breki ya kukamata papo hapo, na Mayu anataka kimya. Kabla ya safari nilizunguka na pikipiki uwanjani nikibana taratibu, mpaka pedi na disiki zikazoeana.

Tukaenda kwa Mayu, mimi nikiendesha, Bi Zainabu nyuma. Tulipovuka mto, pale kwenye mteremko aliomba ashuke, akaupanda kwa miguu bila kunitazama.

Mayu alipoelezwa alichokifanya, alikaa chini. "Nilikuwa namtunzia chombo chake," alisema, akaanza kulia. Bi Zainabu akakaa naye palepale chini, akamfuta machozi kwa mtandio wake, na ng'ombe hawakukamuliwa mapema siku hiyo.

Wakati wa kurudi, tulipofika juu ya mteremko, akanigusa bega nisimame.

"Nipe funguo. Wewe kaa nyuma."

Nilikuwa nimefunga breki za watu wengi, wala hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Nikakaa nyuma, nikashika kereya, kile chuma cha kubebea mizigo, kwa mikono miwili. Katikati ya mteremko kundi la ng'ombe likatokea, linatoka kunywa maji. Akabana. Pikipiki ikasimama kimya, ng'ombe wakapita mbele yetu bila haraka. Bi Zainabu akaanza kucheka, nami nikacheka. Nilifurahi siku ile kuliko siku yoyote niliyopokea mshahara.

Sasa nimestaafu. Mkuu ametangulia mbele ya haki, na bado namkumbuka kwa upendo pamoja na ukali wake. Bi Zainabu yuko Mwamapalala mpaka leo. Ninyi vijana mko wepesi kuliko tulivyokuwa, sibishi. Ila ukimfungia mtu pedi, usimpe funguo ukaishia hapo. Panda nyuma yake, mteremke wote mpaka mtoni.