Ukuta wa Ploti Isiyouzwa

Huku kwetu Parklands, ploti iliyo wazi huandikwa ukutani kwa rangi nyekundu: PLOTI HII HAIUZWI. Mgeni anaweza kushangaa mtu kutangaza asichouza. Mwenyeji hashangai. Ploti isiyo na maneno hayo, ipo siku tapeli ataionyesha kwa mnunuzi kama yake, apokee pesa, apotee.

Kuandika maneno hayo ndiyo kazi yangu. Niliishia darasa la nane, kisha fundi mmoja wa River Road, anayeandika vibao na kuta, akanichukua. Siongei sana, na mkono wangu ni mzito. Fundi husema konokono angekuwa amemaliza ukuta na kwenda kula.

Ploti ninayoikumbuka iko nyuma ya chumba tunachoishi mimi, mama na mdogo wangu wa kiume. Zamani ilikuwa na nyumba ya mama mmoja mzee, Mhindi, aliyezaliwa humo humo. Ilibomolewa ili zijengwe fleti, halafu wanawe walioko ng'ambo wakakosa kuelewana na ujenzi ukalala. Magugu yakaota. Watu wakatupa taka usiku.

Mdogo wangu ana kifafa. Chekechea ilimpokea, akaanguka mbele ya watoto wenzake, wakatuambia tumtafutie mahali pengine. Hapakuwa na mahali pengine. Mama hufua nguo Kitisuru, mimi niko River Road, kwa hiyo mchana alikuwa akifungiwa chumbani, kufuli nje, na jirani akimchungulia alipokumbuka. Chumba hakina dirisha. Sakafu ni saruji. Jioni nilipofungua mlango, kitu cha kwanza nilichotazama ni mdomo wake, kama una damu.

Mwalimu wa kuchora aliyekuwa akikaa kwenye fleti za jirani ndiye aliyemwendea yule mama mzee, akamwomba ploti iwe ya watoto kwa muda.

"Mpaka wanangu waache kugombana," mama mzee alijibu. "Basi chezeni tu. Nyinyi tazeeka hapo."

Wanawake walifyeka na kuchoma taka. Walinzi wa fleti walifunga kamba na matairi kwenye mti wa mjakaranda. Maseremala wa barabara ya chini walileta maranda, magunia kwa magunia, tukayamwaga mpaka yakafika vifundoni. Hakuna aliyesema maranda hayo yalikuwa kwa ajili ya nani, ila kila aliyemwaga gunia alimtazama mdogo wangu.

Alipoanguka mara ya kwanza pale, nilikuwapo. Mama mmoja aliyekuwa akiuza viazi langoni alifika kabla yangu.

"Mlaze ubavu! Usimshike mikono! Nyinyi watoto, kwani hii ni sinema? Endeleeni kucheza!"

Wakaendelea kucheza. Alipozinduka, nywele zake zilikuwa zimejaa maranda. Alitazama bembea akasema, "Mmeniruka. Ilikuwa zamu yangu." Wakambishia. Akalia kwa ajili ya zamu, si kwa ajili ya kuanguka. Sikuwahi kumwona akilia kwa sababu ya kawaida hivyo.

Ukuta ndio uliobaki. Mama mzee, aliyekuwa amepanga karibu, alikuwa akija alasiri na kiti chake cha plastiki na chupa ya chai. Siku moja aliniita.

"Wewe msichana ya rangi. Toa hii maneno."

Nikamuuliza yapi, ingawa ukuta mzima ulikuwa na maneno hayo tu.

"Haiuzwi, haiuzwi. Kila siku ukuta nabweka kama mbwa. Sasa watoto wamejaa, nani tauza?"

Mwalimu alicheka akasema kweli, mahali palipojaa watoto panajilinda penyewe. Akina mama wakakubali. Hata fundi wangu alikubali, akanipa mabaki ya rangi. Ile nyekundu ilikuwa ya mafuta, kila nilipoipaka nyeupe ilitokeza tena chini yake kama jeraha chini ya bandeji. Niliipaka mpaka ikazama.

Watoto waliomba samaki, lori, simba mwenye miwani. Mdogo wangu aliomba dirisha. Nikamchorea dirisha kubwa, lenye pazia la buluu lililofunguliwa.

Tingatinga lilikuja asubuhi moja, nikiwa ndiyo nampeleka mdogo wangu kucheza. Liliingilia ukutani, upande wa dirisha. Nyuma yake walikuwa vijana wenye rungu na lori la mabati. Mwanamume aliyevaa suti alisimama kando na bahasha kifuani. Hakuwa na sura ya mwizi.

Mama mzee alikuja amevaa nguo za kulalia na shali. "Hii ni yangu! Mimi nazaliwa hapa!"

"Mama, mimi nimeuziwa," yule mwanamume alisema. "Nilikuja kuiona mara nyingi. Kama haiuzwi, mbona hamkuandika? Nairobi hii nani haandiki?"

Nilisikia matofali yakisagika chini ya minyororo. Mdogo wangu alikuwa amenishika mkono, akawa anauliza bembea itahamishiwa wapi.

Mpaka leo sijui kama maneno yangeizuia ile biashara. Kuna watu huuziwa ploti huku maandishi yanawatazama. Lakini mama mzee hakuwaza hivyo; alijilaumu. Kesi ilipofika mahakamani na ikaamriwa pasiingie mtu mpaka iishe, aliacha kutoka nje. Baadaye mwanawe mmoja alikuja akamchukua.

Mdogo wangu alirudi chumbani. Mlango ukarudishiwa kufuli.

Juma moja fundi aliniambia, "Dada, kuna mteja wa kwenu Parklands. Mabati. Maneno yale yale ya siku zote."

Nilijua ni wapi kabla hajamaliza: ploti yetu ilikuwa imezungushiwa mabati tangu siku ya tingatinga. Jirani yetu alikuwa ameenda kwao mashambani, hakukuwa na wa kumchungulia mdogo wangu, kwa hiyo fundi aliniruhusu nimchukue. Nilimkalisha kwenye kopo la rangi lililopinduliwa na kutandaza sweta langu pembeni yake, kwa sababu pale nje ni kokoto tupu.

"Tunaingia?" aliuliza.

"Hatuingii."

"Dirisha liko ndani?"

Nilivuta uzi wa chaki, nikapata mstari, nikaanza. Jua lilikuwa zuri. Alihesabu magari, akamsalimia kila mpita njia, na mwuza viazi akampa kiazi kimoja. Kijana mwenye rungu alikuja kusimama nyuma yangu.

"Dada, maneno ni matatu. Unaandika Biblia?"

"Rangi haijashika," nikasema.

Ilikuwa imeshika. Neno la mwisho lilikuwa limekwisha zamani, na mteja, yule mwanamume wa suti, alikuwa amepita akalitazama, akaitikia kwa kichwa kuridhika. Mdogo wangu alikuwa bado juani, makombo ya kiazi kidevuni, akinionyesha lori jekundu. Kufuli lilikuwa mfukoni mwangu, likinigonga paja kila nilipoinama. Nikachovya brashi, nikarudi kwenye herufi ya kwanza, nikaipitia upya.