Shoka Lilipoletwa kwa Mwenye Kompyuta

Baba yangu alikuwa mgema huko Kaloleni, na siku moja alimkata mtu sikio. Mtu huyo alipanda mnazi usio wake akanywa tembo moja kwa moja kutoka kibuyuni. Aliposhuka, ndevu zimelowa, alimkuta baba chini na kotama, kile kisu chetu cha kugemea. Sikio likaanguka mchangani, kuku akalikimbilia. Mimi ndiye niliyemfukuza yule kuku. Tangu siku hiyo baba akawa anafunga miiba kwenye mashina. Alisema kibuyu kisicho na mlango kila mtu ni mwenyewe.

Miiba ile niliikumbuka miaka ya themanini, nilipohamia Muyeye kugema kama baba, maana jirani yangu alikuwa na miiba ya namna yake. Alikuwa mtu wa bara, fundi redio wa melini aliyeichoka bahari, na kando ya kitanda chake aliweka kompyuta. Wengi wetu hatukuwahi kuona nyingine. Programu alipewa na mabaharia wenzake, bure, na ruhusa ya kuzifungua ndani, kuzirekebisha na kumpa mwingine. Ni kama mtu akupe saa na bisibisi yake. Mimi saa yangu niliiua kwa bisibisi, lakini hayo ni mengine.

Watu walikwenda kuweka maneno yao humo, hasa wanawake wa ngumbaru, wale waliojifunza kusoma ukubwani. Maisha yao yote barua zao zilisomwa na watu wengine, tena kwa sauti. Kwa fundi kila mmoja aliandika mwenyewe akafunga kwa neno lake la siri. Bila neno hilo maandishi yalitokea kama nyayo za kaa mchangani. Fundi mwenyewe hakuweza kuyasoma.

Dada yangu anayenifuata alikuwa mmoja wao. Mumewe alipojua, alimpiga kwa mchi mpaka mkono ukavunjika, akitaka aambiwe ameandika nini. Dada hakusema. Basi shemeji akaja na ndugu zake, wakamburuta fundi mpaka uwanjani mbele ya nyumba yake.

"Fungua hilo sanduku lako tusome."

"Siwezi, bwana. Ufunguo anao mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi. Mke wangu, maneno yangu."

"Basi yaseme wewe."

Shemeji akampasua mdomo kwa ngumi.

Akaitwa mzee wa kiapo cha shoka. Shoka huchomwa mpaka liwe jekundu, likapitishwa kiganjani, mwongo huungua. Mzee akatoa njia nyingine kwanza: mwanamke ataje neno lake, mashine ifunguliwe mbele ya watu wote, yaishe. Wote tukamgeukia dada yangu, mkono umefungwa kwa leso. Akafungua mdomo. Alikuwa karibu kulitaja.

Fundi akanyoosha mkono. "Leteni shoka. Naapa sijui aliloandika."

Nikakiona kiganja chake, laini, cha kubonyeza vitufe. Changu kina magamba ya minazi. Shoka lingepita kama juu ya ubao.

"Mzee, chukua mkono wangu."

"Kiapo hakiazimwi, mwanangu."

"Kaa chini, shemeji," akasema mume wa dada. "Wewe kazi yako kulewesha watu."

Shoka likapita. Ngozi ikalia kama samaki kikaangoni. Likapita tena. Fundi akauma meno, damu ya mdomo ikamchuruzika kidevuni, lengelenge likatunga palepale.

"Ameungua," akasema mzee.

Shemeji akanyakua shoka la kuni akaingia chumbani kwa fundi. Tukasikia kioo, halafu mapigo, na mapigo yakaendelea hata pasipo na cha kuvunja. Akatoka na nyaya zimemning'inia mkononi kama matumbo ya mbuzi, akamtupia fundi usoni.

"Haya, fungua sasa."

"Hujasoma hata neno moja," akasema dada yangu.

Shemeji akamgeukia, shoka bado mkononi. Mkono wangu ukaenda kiunoni kwenye kotama, nikaichomoa, nikasimama kati yao. Nilimkumbuka yule kuku. Nadhani shemeji aliona usoni mwangu kwamba nitamkata, maana alilitupa shoka chini, akatema mate, akaondoka na nduguze.

Fundi akainuka. Hakuingia ndani kuchukua hata shati.

"Ngoja nikupake asali," nilimwambia.

Akapita katikati ya watu, mkono ameuweka mbele kama mtu aliyebeba yai, akashika njia ya kwenda Magarini, na hakurudi tena.