Shokapu za Lori na Wadogo Zangu

Mwanangu, kuna siku moja ya Mbinga ambayo huijia akili yangu kila ninaposhika spana. Biashara zilikuwa zimeachiwa huru, na vipuri vya Dubai vilianza kujaa madukani. Sisi tuliozoea kuungaunga tulibaki kuvishangaa. Wazazi wetu walikuwa wamefariki, nami nikaacha shule nilee wadogo zangu watatu kwa vibarua vya gereji.

Baba mdogo akaja kutoka Litembo kuwachukua wawili. Hakuwa mtu mbaya. Aliona tu kwamba vibarua havitoshi. Lakini tajiri mmoja alikuwa ameniahidi kwamba nikifunga shokapu mpya za nyuma, lori lake likashuka Lundo, kule ziwani, na kurudi salama, ataniajiri. Baba mdogo akakubali kusubiri.

Nikazifunga kwa haraka. Lori likiwa bado juu ya jeki, nikaanza kukaza nati za mwisho. Mzee Gervas, fundi aliyenifundisha kazi, akanishika mkono.

"Unakazaje na gari linaning'inia? Likishuka, hizo raba za shokapu zitajipinda. Mteremko wa ziwani humalizi, zimechanika."

"Mzee, mbona zimeingia vizuri."

"Zimeingia, hazijabeba. Legeza, shusha, tupakie kitu."

Hapakuwa na gunia hata moja. Wadogo zangu walikuwa wameniletea ugali na usipa, vile visamaki vya ziwani. Mzee akawapandisha nyuma ya lori. Kisha akamgeukia baba mdogo, aliyekuwa akisubiri pale gereji. "Na wewe bwana mkubwa, panda. Tumbo hilo litatusaidia."

"Nimekuja kuchukua watoto, nimegeuzwa mzigo," akasema, lakini akapanda. Kitindamimba wetu akamkalia mapajani. Lori likiwa limeshashushwa, nikakaza nikiwa chini yake, nikiwasikia wanavyocheka huko juu.

Lori lilirudi kutoka Lundo raba zikiwa nzima, na tajiri akaniajiri. Baba mdogo alizikagua mwenyewe kwa kidole, akajipangusa, akaniambia nitafute godoro kubwa zaidi, watoto wanalala wamebanana. Akaondoka peke yake.

Nakueleza haya kwa sababu unaanza nyumba yako. Usikaze kila kitu siku ya kwanza. Weka mambo mahali pake, kisha acha nyumba ibebe: wageni, homa, mtoto anayelia. Mkishajua mnavyokaa, hapo kazeni, na mkaze kweli.

Mungu awape mikono yenye subira, na sufuria isiyomwogopa mgeni.