Kompyuta Haimjui Jirani

Jumanne nilikuwa ofisi moja ya maji hapa Voi. Mama mwenye duka mtaa wa Kaloleni alikuja akifoka, na jirani yake nyuma. Kompyuta mpya ilikuwa imepanga watu katika vikundi vya kuteka maji bomba moja kwa kuangalia nani humpigia nani simu, naye akawekwa na watu wa Mata.

"Mwanangu, Mata ni kwa dada yangu, kule mpakani! Nikateke maji huko? Jirani yangu ni huyu," akasema, akimshika mwenzake mkono.

"Kompyuta inaonyesha hamjuani, mama," karani akasema. "Hamjapigiana simu hata siku moja."

"Nimpigie simu ya nini, na nikikohoa tu ananipa pole?"

Jirani akauliza polepole, "Na mimi nisiye na simu, nimewekwa wapi?"

Karani akatazama kioo cha kompyuta. "Wewe, mama, hupo."

Akamwambia hivyo huku akisogeza kiti chake kumpisha mama huyohuyo apite.